Haki ya Stara

Mheshimiwa Zuhura Kapela alikuwa amezoea kutukanwa. Tangu aingie Bunge la Shirikisho pale Tabora alikwishaitwa mvunja ndoa, kibaraka, dume lililovaa gauni, na siku moja, katika kikao kilichorushwa nchi nzima, jike la fisi. Yote aliyapokea kwa tabasamu moja, akayajibu kwa hoja, na usiku akalala usingizi wake. Tusi la uongo haliumi sana. Unalikung'uta na safari inaendelea. Kilichomkalisha kitini asubuhi ile hakikuwa tusi. Lilikuwa jina la mtu.

Jina lilitokea kwenye kioo cha meza yake wakati anakunywa chai. Mheshimiwa Masudi Ibengwe, aliyekuwa akiongoza wanaoupinga Muswada wa Wafanyakazi wa Majumbani aliouleta Zuhura, alikuwa ameomba kumleta shahidi wa utepe siku ya mjadala. Shahidi mwenyewe aliitwa Mwamini Lukanga, mkazi wa Urambo.

Katibu wake, Kokusima, aliuliza huyo ni nani. Zuhura akamjibu kwamba alikuwa dada wa kazi nyumbani kwake zamani, mwanawe Hanifa akiwa bado ananyonya. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akamwomba afunge mlango.

Ushahidi wa utepe uliingia bungeni kabla Zuhura hajachaguliwa. Utepe wenyewe ni kitambaa chembamba cha kijivu, kinafungwa kwenye paji la uso kama afanyavyo mtu mwenye kichwa kinachogonga. Shahidi hukaa na mtaalamu, akakumbuka, na utepe ukanakili alichokiona na kukisikia, harufu iliyokuwa puani, njaa yake, mapigo ya moyo wake. Mawazo hauyachukui, maana katika mawazo mtu hujidanganya hata akiwa peke yake. Unachukua yale mwili uliyoyapata, na mwili haujui kusema uongo. Wabunge huvaa tepe zao, wakanyamaza, na kwa dakika chache kila mmoja akawa yule shahidi. Sheria ya maji ilipita hivyo. Waheshimiwa waliozoea kusinzia walipandishwa mlima na ndoo ya mama mmoja kichwani, na walipovua tepe walikuwa wanajikanda shingo.

Balaa lilianza tepe zilipofika mitaani. Wanaume walioachwa walinakili kumbukumbu za chumbani na kuziuza, na wa kwanza kuanikwa walikuwa wanawake wa siasa. Wawili waliacha ubunge. Mmoja aliondoka nchini, hajarudi mpaka leo. Zuhura, mgeni bungeni, hana hata ofisi yenye dirisha, akasimama na Sheria ya Stara: yeyote anayeonekana katika kumbukumbu ya mwingine ana haki ya kufunikwa uso na kubadilishwa sauti, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Walimzomea misikitini, makanisani na vilabuni, mahali ambapo kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya mvua. Mheshimiwa Ibengwe alisema mwenye kuomba pazia ana lake jambo. Sheria ikapita kwa kura chache, na wanawake wakamwita Mama Stara, jina lililochapwa hadi kwenye kanga.

Muswada huu wa sasa ulikuwa mgumu kuliko ule. Mashine za kupika na kufua zilikuwa zimejaa mjini, lakini mashine haimbembelezi mtoto wala haimwogeshi bibi mgonjwa, na kila nyumba yenye uwezo bado ilikuwa na binti wa watu jikoni. Safari hii hata waliomchagua Zuhura walimnunia. Kumtetea mwanamke dhidi ya mumewe, hapo sawa. Kumtetea dhidi ya wao wenyewe, wakauliza Mheshimiwa ana ajenda gani.

"Omba stara, Mheshimiwa," Kokusima akasema. "Ni haki yako, tena umeipigania mwenyewe. Wataona mwanamke asiye na uso. Muswada unapona na wewe unapona."

Alipofika mwisho wa sentensi, kidole gumba cha Zuhura kilikuwa kimeshabonyeza ombi la stara kwenye kioo. Kokusima aliona, akashusha macho kwenye kikombe chake. Ndipo Zuhura alipotambua kwamba hakuwa amesubiri hata kujua shahidi anakuja kusema nini. Alijua. Aibu ikampanda shingoni, ya moto, na hakuwa na wa kumlaumu.

*

Sheria ya Stara ina kifungu ambacho watu wengi hukisahau, na aliyekiandika ni Zuhura mwenyewe. Anayeomba kufunikwa lazima kwanza aionje kumbukumbu yenyewe, mwenye kumbukumbu akiwa chumba kimoja naye, ili mtu asifiche asichokijua. Siku zile alikiona kifungu cha haki sana.

Chumba cha kuonja kilikuwa nyuma ya ukumbi wa Bunge, viti viwili na feni. Mwamini alikuwa amefika kabla. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa gauni la kitenge na miwani, mkoba umepakatwa. Alipomwona Zuhura alisimama.

"Shikamoo, Mama Hanifa."

"Marahaba," Zuhura akajibu, kwa mazoea, na neno lilipomtoka akaona haya. Walipishana miaka michache tu. Hakuwahi kuwaza kama ile shikamoo ilikuwa haki yake.

Mwamini akauliza habari za Hanifa. Zuhura akasema hajambo, anasomea udaktari, siku ya mjadala ataufuatilia kwenye kioo chake huko chuoni. Mwamini akamshukuru Mungu. Kisha akauliza kama bado anaogopa radi. Zuhura hakujua kama mwanawe aliwahi kuogopa radi. Akasema ameshaacha.

Mtaalamu akamfunga Zuhura utepe na kutoka.

Jambo la kwanza lilikuwa vitunguu. Macho yanachonyota, mikono michanga inakoroga sufuria ya pilau kubwa kuliko sufuria za siku zote, na mgongoni kuna uzito wa joto unaopumua. Mtoto. Mbele, ukuta mfupi wa uani, na juu ya ukuta uso wa dada wa kazi wa jirani, unanong'ona kwa haraka. Pole, Mwamini. Kwani hawajakwambia? Kaka yako kapiga tangu alfajiri kwa Mama Hanifa, halafu kapiga na huku kwetu, anauliza kama umeshapanda basi. Mama yako hatunaye.

Mikono ikaendelea kukoroga. Kifua kilikuwa kimekuwa kitupu kabisa, lakini mikono ikaendelea.

Halafu mlango wa jikoni ukafunguka, na akaingia Zuhura. Kijana, mzuri, amevaa gauni jipya la rangi ya zambarau, simu mbili mkononi, yake na ile ya Mwamini ambayo huwa inakaa kwa mama mwenye nyumba ili binti asizubae. Moyo ukaruka mpaka kooni. Sasa ataniambia, mwili ulisema, bila maneno. Yule mwanamke akatazama sufuria, akasema kachumbari iongezwe, wageni watazidi. Akatoka.

Ikawa hivyo mchana kutwa. Kila mlango ulipofunguka, moyo uliruka. Sinia zikapelekwa ukumbini walikokaa wanawake wasomi, wanazindua umoja wao, wanapiga makofi. Mmoja akasema mwanamke hatakuwa huru mpaka wa mwisho awe huru, na mikono ikamwekea sahani mbele yake. Zuhura akamshika Mwamini bega mbele za wageni, akasema huyu si mfanyakazi, huyu ni kama mwanangu. Hapo nyuso zao zilikaribiana. Mwamini akamtazama machoni, akamngoja. Macho ya Zuhura yakakaa kidogo, yakasogea pembeni, kwenye kikombe kilichokuwa hakina kitu.

Yalijua, macho yale. Mtu yeyote angeona kwamba yalijua.

Zuhura alijivua utepe kwa nguvu. Aliitazama mikono yake, na kwa muda hakuelewa ni mikono ya nani.

Siku ile ilimrudia yote, na kwa upande wake yeye. Kwetu habari ya msiba haitupwi tu kama maji machafu. Humwambii mtu mama yako amekufa. Unamwambia anaumwa, njoo nyumbani. Unamwacha ale kwanza, unamtafutia wa kusafiri naye, na aliye karibu naye ndiye anayebebeshwa kumwambia. Ni desturi ya huruma, na Zuhura aliivaa siku ile ikamkaa vizuri sana. Alijiambia anangoja wakati unaofaa. Wakati unaofaa ukawa baada ya wageni kuondoka, baada ya vyombo kuoshwa, baada ya mtoto kulala. Asubuhi yake ndipo alipomwambia kwamba mama anaumwa sana, akampandisha basi. Na kulikuwa na jingine, ambalo halikuwa kwenye utepe wowote. Yule kaka alikuwa amesema wanamsubiri Mwamini ndipo wazike. Zuhura akamjibu: msimsubiri, zikeni tu, safari ni ndefu.

"Ulikuwa unajua," alisema sasa. Sauti ilimtoka ndogo. "Siku zote nilidhani ulikuwa hujui."

"Nilijua, Mama Hanifa. Nikawa nakungoja."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Mwamini akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge. "Ningekuuliza ungenijibu. Mimi sikutaka unijibu, nilitaka uniambie. Halafu nilikuwa mtoto bado. Nikasema, kama hajaniambia, pengine yule wa jirani kasikia vibaya. Mama akawa hai moyoni mwangu mpaka asubuhi."

Zuhura aliinamisha kichwa. Aliomba radhi, na maneno ya radhi, yeye aliyejua kusema kuliko watu wote wa chama chake, yakatoka yamevunjika. Mwamini aliyasikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alisema kaka yake alimweleza yote, pamoja na lile la zikeni, na kwamba aliondoka kwenye hasira hiyo zamani, maana hasira nayo inataka kulishwa, na yeye alikuwa na watoto wa kulisha.

Kisha Zuhura akauliza Ibengwe alimpataje.

"Hakunipata. Nilimtafuta mimi, maana yeye ndiye angenifikisha mbele ya Bunge." Mwamini akavaa miwani yake. "Nina duka la mikate sasa, na nyumbani nina dada wa kazi. Binti mzuri, wa Kaliua. Mwezi uliopita kwao wakapiga simu, nikaipokea mimi. Baba yake amefariki. Nikamwangalia yule binti yuko uani anafua, nikasema moyoni, amalize kwanza kufua. Nikajiogopa, Mama Hanifa. Mimi, niliyetendwa. Nilimwambia, ndiyo, lakini alikuwa ameshaanika."

Zuhura akainua macho.

"Muswada wako nimeusoma. Mshahara umo, mapumziko yamo, matibabu yamo. Habari ya kwao haimo. Popote haimo. Nikasema kwa nini, na mwenye kuuandika ni yule anayeijua?"

Hilo lilimwingia kuliko utepe. Zuhura alikaa na muswada ule miezi na miezi, akaupima neno kwa neno, na pale palipokuwa na tundu hakupaona, kwa sababu ndipo alipokuwa amesimama. Aibu ya kukamatwa aliijua, kila mwanasiasa anaijua. Hii ilikuwa nyingine. Hii ilimfanya atamani kuwa mtu mwingine.

Mwamini alisimama, akaweka mkoba begani. "Uso wako ni wako. Ukitaka ufunikwe, ufunikwe, mimi sitasema jina lako kwa mtu. Lakini wakivaa wakaona mwanamke hana uso, watasema ni shetani fulani huko. Hawatasema ni sisi."

*

Siku ya mjadala, Kokusima alimngoja kwenye korido na mpango mzima kichwani. Kifungu kipya kiongezwe: simu ya mfanyakazi ikae kwake mwenyewe, habari ya kwao imfikie saa hiyo hiyo, ruhusa ya msiba isiombwe bali itolewe. Stara ibaki. Shahidi amepata alichotaka, muswada umekuwa bora, na mtoa hoja ametoka salama. Nani ameumia hapo?

Zuhura aliutazama mpango ule na kuukuta hauna kasoro. Hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu hata siku ile ya pilau mpango wake haukuwa na kasoro. Alisema kifungu kiongezwe. Kuhusu stara hakusema kitu. Moyoni alikuwa bado hajaamua, na tusimpambe: aliingia ukumbini akiwa na hamu kubwa ya kusitiriwa.

Ukumbi ulijaa. Mwamini alikaa kwenye kizimba cha mashahidi, mkoba umepakatwa vile vile. Mheshimiwa Ibengwe, koti jeupe, uso wa mtu aliyeahidiwa karamu, alisema maneno machache tu: nyani haoni kundule, na leo Bunge litamwonyesha. Upande wake wakagonga meza.

Spika, mwanamama mkavu asiye na haraka, alisoma mbele ya wote kwamba mtu mmoja anayeonekana kwenye kumbukumbu hii ameomba stara, na kwa mujibu wa sheria hatatajwa. Kinachotakiwa ni athibitishe. Anaweza kubonyeza kitufe mezani kwake, hakuna atakayeona.

Zuhura aliweka kidole juu ya kitufe. Alimfikiria Hanifa huko chuoni. Alifikiria kanga zenye jina lake, na wale wabunge wawili walioacha ubunge wakilia, ambao kwa ajili yao kitufe hiki kiliwekwa. Wao walikuwa wametendwa. Yeye alitenda. Kitufe ni kile kile, hakina macho ya kutofautisha, na tofauti ile ilibaki kuwa kazi yake mwenyewe.

Aliinuka. "Mheshimiwa Spika, aliyeomba stara ni mimi. Naiondoa."

Minong'ono ikapita ukumbini. Ibengwe akageuka kumtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonekana hana uhakika. Spika akauliza kama amesema kwa hiari yake. Zuhura akasema ndiyo, akabaki amesimama, kwa kuwa aliona haifai akae wakati wanakwenda kumwona.

Wakavaa tepe. Yeye hakuvaa. Akawa peke yake mwenye macho wazi kati ya watu wote wale waliofumba, akiwatazama nyuso. Aliona pua zikikunjana kwa vitunguu. Aliona mabega yakishuka, uzito wa mwanawe ukiwa migongoni mwao. Kisha akajua wamefika ukutani, kwa sababu midomo ililegea kwa pamoja, na baadaye akaona kile alichokuwa akikiogopa: kila baada ya muda nyuso zile zote ziliinuka kidogo, zikangoja, zikashuka. Zikainuka, zikangoja, zikashuka. Walikuwa wanamngoja yeye. Bunge zima lilikuwa linamngoja aseme, na alikuwa hasemi.

Walipovua, hakuna aliyegonga meza. Mbunge mmoja kijana wa chama chake alikuwa analia bila kujificha. Wengine walishika simu zao, wakatazama vioo, wakaviweka tena chini. Mheshimiwa Ibengwe aliitwa aendelee na hoja yake. Alibaki ameketi, utepe mkononi, akiukunja na kuukunjua. Nyumbani kwake, kila mtu alijua, kulikuwa na mabinti watatu wa kazi. Mwishowe akasema hana la kuongeza kwa sasa, na sauti yake haikufika nyuma.

Spika akampa nafasi mtoa hoja.

Zuhura alikuwa ameandaa hotuba, akaiacha. Alisema yule mwanamke waliyemwona ni yeye, na kwamba mengine zaidi ya hayo aliyafanya kwenye simu siku hiyo, ambayo ushahidi huu haukuyabeba: aliwaambia wazike bila mwana. Alisema kuna kifungu kimeongezwa na kwamba kilichelewa kwa sababu yake. Alisema wakiona mtu mwingine aubebe muswada huu, atamkabidhi. Hakulia, kwani aliona hata machozi yangekuwa ni kuomba kitu.

Kisha akaona jambo moja limebaki. Bunge lina desturi ya kusimama kwa dakika moja kumkumbuka marehemu, na marehemu huyu hakuwahi kutolewa pole hata na nyumba aliyoilisha kwa jasho la mwanawe. Akaomba wabunge wasimame kwa ajili ya mama yake Mwamini.

Spika alikubali kwa kichwa, akashika kalamu yake. "Kwa ajili ya taarifa rasmi za Bunge, Mheshimiwa. Jina la marehemu?"

Zuhura alifungua mdomo.

Binti yule aliishi kwake, akampikia, akambebea mtoto mgongoni mpaka mtoto akaacha kunyonya. Zuhura alimpandisha basi akiwa na msiba ambao haukutajwa. Alimwomba radhi juzi tu katika kile chumba chenye feni, akasema mama, mama yako, mama, na wala haikumjia kuuliza. Kamera zilikuwa zinamwangalia. Spika alikuwa anangoja, na ukumbi wote unangoja, na hakuna uongo wowote uliokuwa karibu wa kumsaidia.

Akageukia kizimba cha mashahidi.

"Dada Mwamini," alisema. "Samahani. Mama aliitwa nani?"

Mwamini aliinuka taratibu. Hakumtazama Zuhura. Alimtazama Spika, mwenye kalamu, na akalitaja jina polepole ili liandikwe sawasawa.

"Kalunde. Kalunde binti Mrisho."

Viti vikalia, wabunge wakasimama. Zuhura alikuwa amesimama tayari.